Kuhamisha kikundi cha watu 140 kwenda Mastodon: seva ya watu au seva yetu?

Istilahi_Kila_Siku:

Wakuu, habari za leo.

Kikundi chetu kinajadili istilahi za Kiswahili. Mtu analeta neno la kompyuta, la hospitali au la mahakamani, wengine wanapendekeza Kiswahili chake na kukitetea kwa mifano. Tuko kama 140, wengi Dar, Mombasa na Nairobi, wachache Muscat na Berlin. Kwa sasa tumo kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kibiashara ambako posti haziwafikii hata wanachama wenyewe mpaka zilipiwe tangazo.

Tumekubaliana kuhamia Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi huru zinazowasiliana, ila tumekwama hapa:

1. Tujiunge na seva iliyopo au tufungue yetu?
2. Wafuasi na posti za nyuma tunavihamishaje?
3. Wengi wanatumia simu na bando dogo. Kuna cha kuwapunguzia?
4. Tukifungua seva, iwe ya ukubwa gani, na kazi ya kila wiki ni ipi?

Naomba majibu ya kiutendaji, hasa pale ambapo watu huwa wanakosea.

---

Nahodha_Seva:

Mkuu, anza na anwani, maana hiyo ukikosea hairekebishiki. Mastodon jina linakaa kama la barua pepe, @jina@seva, na kila seva nyingine inayokufahamu imekuandika kwa anwani hiyo nzima. Mkishaanzisha seva kwa domeni fulani, yaani ile sehemu ya seva kwenye anwani, ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho. Ukibadilisha mstari wa LOCAL_DOMAIN kwenye mipangilio baada ya watu kujiunga, seva nyingine zinawaona wageni kabisa, na wafuasi wote wanabaki wameshikilia jina lisilo na mtu.

Ndiyo maana domeni inataka kufikiriwa kuliko hata mashine. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza domeni yake kwa sababu .af ni ya Afghanistan, na utawala wa Taliban ukaisimamisha. Julai 2023 yalitokea kama hayo kwa .ml, ya Mali, na seva ya Lemmy (programu ya majukwaa ya mijadala) iliyoitwa fmhy.ml ikajikuta haina jina. Mashine zilikuwa nzima na data ilikuwepo, anwani ndiyo iliyoondoka. Msichague domeni kwa sababu herufi zake zinapendeza. Chukueni ya nchi ambayo mnazijua sheria zake na mna mtu huko wa kufuatilia, kama .or.tz au .or.ke, au chukueni .org. Lipieni miaka kadhaa kwa mkupuo, na usajili uwe kwa barua pepe ya kikundi ambayo watu wawili wana nenosiri lake.

Hayo ni ya baadaye. Kwa sasa ushauri wangu ni msifungue seva. Kaeni kwenye seva za watu miezi mitatu hadi sita. Katika watu 140 wanaosema wanahama, huwezi kujua wangapi watakuwa bado wanaandika wiki ya nane, na seva inalipiwa wakiandika wasiandike. Mastodon inaruhusu kuhama na wafuasi wako, kwa hiyo kuanzia kwa jirani hakuwafungi.

Kabla ya kujiunga, fungua ukurasa wa maelezo ya seva husika. Tazama kanuni zake, jina la msimamizi na namna ya kumpata, na orodha ya seva walizozizuia kama wameiweka wazi. Seva zinazoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimekubali masharti manne: kusimamia kwa dhati dhidi ya ubaguzi, bakapu (nakala ya akiba) ya kila siku, angalau mtu mmoja zaidi mwenye uwezo wa kuingia kwenye mashine wakati wa dharura, na taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Sharti la tatu ndilo ninaloliangalia kwanza. Seva ya mtu mmoja anayefanya kila kitu peke yake, akiugua, imekwisha.

Na msirundikane wote mahali pamoja. Gawaneni kwenye seva tatu hivi. Mtaonana vilevile.

---

Pwani_Digitali:

Nachukua swali la pili. Kuna kuhama kwa aina mbili na watu wanazichanganya.

Kutoka mtandao wa kampuni kuja Mastodon, hakuna kinachohama chenyewe. Wafuasi hawaji, posti haziji. Zamani kulikuwa na programu za kukutafutia marafiki wako wa Twitter waliopo Mastodon, lakini zilitegemea mlango wa data ambao kampuni ilikuwa inautoa bure, na mwaka 2023 mlango huo ukawekewa bei. Sasa kazi ni ya mkono, na kwa watu 140 ni jioni moja tu.

Kila mwanachama akishafungua akaunti, anamtumia mratibu anwani yake kamili. Mratibu anatengeneza faili moja la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Mstari wa kwanza ni kichwa, `Account address`, na chini yake kila mstari anwani moja:

```
Account address
asha@seva-ya-kwanza.org
juma@seva-ya-pili.net
```

Faili linasambazwa kwa wote. Kila mtu anaingia kwenye mipangilio ya akaunti yake, sehemu ya kuingiza data, anachagua aina ya faili kuwa orodha ya unaowafuata, anapakia. Dakika chache baadaye anawafuata wenzake wote.

Panapoharibika:

Simu. Programu za simu hazina sehemu hiyo. Lazima ufungue tovuti ya seva yako kwa kivinjari, hata kama ni kivinjari cha simu hiyo hiyo.

Alama ya @ mwanzoni. Ukiandika @asha@... kwenye Excel, inadhani ni fomula na kukataa. Anza na jina moja kwa moja.

Nukta mkato. Kompyuta yenye mipangilio ya lugha za Ulaya inaweza kutenganisha safu kwa nukta mkato badala ya mkato, na seva isisome safu sawasawa. Wenzenu wa Berlin ndio watakaokutana nayo. Faili la safu moja kama hilo la juu linakwepa tatizo hilo.

Kuunganisha au kubadilisha. Wakati wa kupakia utaulizwa kama faili liongezwe kwenye unaowafuata sasa au lichukue nafasi yao. Chagua kuongeza. Ukichagua kubadilisha, kila uliyemfuata kabla ambaye hayumo kwenye faili anaondolewa.

Aina ya pili ni kuhama kutoka seva moja ya Mastodon kwenda nyingine, mtakayoihitaji siku mkifungua yenu. Mpangilio wake haugeuzwi:

Kwanza pakua mafaili yako ya CSV kwenye seva ya zamani: unaowafuata, orodha, uliowazuia, uliowanyamazisha, posti ulizoziwekea alama. Pili, kwenye akaunti MPYA, tangaza kwamba ile ya zamani ni yako. Unaandika anwani yake nzima pamoja na seva. Tatu, kwenye akaunti ya ZAMANI, chagua kuhamia akaunti nyingine na uandike ile mpya pamoja na nenosiri. Hapo seva ya zamani inatuma ujumbe kwa seva za wafuasi wako, nazo zinawahamisha zenyewe. Mwisho pakia mafaili yako kwenye akaunti mpya.

Wafuasi wanakuja. Posti hazihami, zinabaki zinasomeka kule, na juu ya akaunti kunakuwa na kibao cha kuelekeza kwenye jina jipya. Usiifute akaunti ya zamani. Na baada ya kuhama unakaa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena.

Sasa sikilizeni hili: ujumbe wa kuhama lazima utoke kwenye seva ya ZAMANI, umetiwa saini kwa ufunguo wa akaunti ile. Seva ikishakufa hakuna wa kutia saini. Utakuwa na orodha ya uliowafuata kama ulipakua faili, lakini wafuasi wako umewapoteza. Wekeni tarehe moja ya kila mwezi, kila mtu anapakua CSV zake. Ni dakika mbili.

---

Fundi_wa_Bahari:

Seva. Nahodha kasema msubiri, na mimi nakubali, ila ni vizuri mjue mapema mnachokiendea.

Kwa watu 140 ambao nusu wanaandika kila siku, chukueni mashine ya kukodi yenye RAM ya GB 4, CPU 2 na diski ya GB 80. RAM ya GB 2 itawasha Mastodon, lakini siku posti ya mwanachama itakaposambaa mtaona foleni inajaa na mashine inaanza kuua programu zake yenyewe. Ndani yake kuna PostgreSQL inayotunza data, Redis inayoshika foleni, Sidekiq inayofanya kazi za nyuma, na Nginx mlangoni. Mtu akilalamika kwamba posti yake imechelewa kufika nje, fungua ukurasa wa Sidekiq kwanza. Mara nyingi jibu liko pale.

Kinachojaza diski si picha zenu. Mwanachama akimfuata mtu wa seva nyingine, seva yenu inajiwekea nakala ya picha zake, video zake na picha yake ya utambulisho. Watu 140 wakifuata kila mmoja watu 200, fanya hesabu. Diski ikijaa kabisa, PostgreSQL inagoma kuandika na seva nzima inasimama, mara nyingi usiku. Kwa hiyo ratibuni amri hizi za Mastodon zijiendeshe:

```
tootctl media remove --days 7
tootctl preview_cards remove --days 30
```

Ya kwanza inafuta nakala za picha za wageni tu; mtu akizihitaji tena zinaletwa upya kutoka kwao. Ya pili inafuta vijipicha vya viungo vya zamani. Kwenye ukurasa wa usimamizi pia kuna sehemu ya kuweka siku hizo. Angalieni: chini yake kuna kisanduku kingine cha kufuta POSTI za seva nyingine. Kiacheni kitupu. Kile kinafuta hata posti ambazo wanachama wamezipenda au kuziwekea alama ya kurudia, na hazirudi.

Barua pepe ndiyo inayowashinda wengi. Mastodon haimruhusu mtu kuingia mpaka athibitishe barua pepe, na kampuni nyingi za kukodisha mashine zimefunga mlango namba 25 kuzuia spamu. Tumieni huduma ya kutuma barua kupitia mlango 587, na muweke rekodi za SPF na DKIM kwenye domeni, zinazothibitisha kwamba barua ni yenu kweli. Bila hizo, barua ya uthibitisho inaishia kwenye spamu na mtu anadhani seva ni mbovu. Aliyekwama kabisa unamthibitisha kwa mkono:

```
tootctl accounts modify asha --confirm
```

Bakapu ina vipande vitatu: data ya PostgreSQL kwa `pg_dump`, folda ya picha zenu, na faili la `.env.production`. Hilo la tatu ni dogo na watu hulisahau. Ndani yake mna funguo za siri. Kuanzia toleo la 4.3 zimo pia funguo za kusimbia baadhi ya data iliyomo kwenye hifadhidata. Ukirudisha data bila funguo zake, akaunti zenye uthibitisho wa hatua mbili zinakwama. Bakapu ikae kwa kampuni nyingine, na mara moja kila robo mwaka irudishwe kwenye mashine tupu muone kama inawaka.

Malipo: mashine ya ukubwa huo mara nyingi ni dola 10 hadi 25 kwa mwezi kutegemea kampuni. Nyingi zinataka kadi, na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inakubalika kwa baadhi. Hatari ni kwamba siku ya makato salio likiwa halipo, mashine inazimwa, na baada ya muda fulani inafutwa pamoja na vilivyomo. Wekeni salio la miezi mitatu mbele, na tarehe ya makato iwe kwenye kalenda za watu wawili.

Kama mtabaki watu kumi au ishirini, tazameni GoToSocial. Ni programu nyepesi, RAM ya GB 1 inaitosha, na mkitaka inatumia SQLite tu, hifadhidata ya faili moja. Haina ukurasa wake wa kuandikia posti. Mtaandika kwa programu nyingine kama Tusky au Phanpy. Lakini msianze na GoToSocial kisha muweke Mastodon juu ya domeni ile ile. Anwani za ndani na funguo za akaunti ni tofauti, seva nyingine zitakataa saini zenu. Programu mpya, domeni mpya.

---

Mama_Jukwaa:

Habari zenu ndugu zangu. Wametangulia mafundi, mimi naongeza upande wa watu, ambao ndio unaovunja vikundi.

Mwanachama akitukanwa kwa Kiswahili na kuripoti, ripoti inakwenda kwa msimamizi wa seva yake. Kama msimamizi ni Mjerumani au Mkanada mwenye moyo safi kabisa, hawezi kujua kwamba neno lile ni tusi la kabila. Programu ya kutafsiri itampa neno la kawaida tu. Akiliacha, mwathirika anaona kadharauliwa. Akifuta kwa kubahatisha, anafuta mjadala halali wa maana ya neno, na kikundi chenu kazi yake ni kujadili maneno! Mkiripoti, andikeni maelezo kwa Kiingereza, mistari miwili: neno lina maana gani, na kwa nini linaumiza. Hii ndiyo sababu pekee kubwa ninayoiona ya kuwa na seva yenu siku moja, na siku hiyo muwe na wasimamizi watatu wanaokijua Kiswahili cha bara na cha pwani, wakipokezana.

Ujumbe wa faragha: haujasimbwa. Msimamizi wa seva yenu na wa seva ya mpokeaji wanaweza kuusoma wakitaka. Tena kuna mtego: ukimtaja mtu wa tatu kwa anwani yake ndani ya ujumbe huo, naye anaupokea. Mnamsengenya Asha, mnaandika @asha@..., Asha anasoma. Siri zipelekeni Signal.

Kufuta pia. Ukifuta posti, seva yako inaziomba nyingine zifute. Nyingi zinafuta, na iliyokuwa imezimika wakati huo inaweza kubaki nayo.

Sheria: mwenye seva anashika barua pepe na anwani za IP za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pamoja na kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na mashine ikiwa Ujerumani kuna sheria ya data ya Umoja wa Ulaya juu yake. Muoneni wakili kabla ya kufungua milango, si baada. Kwa kawaida Mastodon inatunza IP kwa mwaka mmoja. Kwenye mipangilio kuna IP_RETENTION_PERIOD, inayoandikwa kwa sekunde. Wiki mbili ni 1209600. Data usiyonayo haiwezi kuvuja wala kudaiwa.

Ushauri wa kugawana seva tatu naushika kwa mikono miwili. X (zamani Twitter) ilipofungwa Tanzania Mei 2025, waliokuwa huko tu walikatika wote kwa pamoja. Domeni moja ya Mastodon ni rahisi kufungwa vilevile, ila wanachama walioko kwenye nyingine mbili wanaendelea, na mjadala haulali.

Bando: kwenye Tusky zima upakuaji wa picha za awali na uchezaji wa picha zinazojongea. Posti za maneno ni nyepesi mno. Na kila mtu aingie kwenye mipangilio aweke lugha ya posti zake kuwa Kiswahili. Ikibaki Kiingereza, waliochagua kusoma Kiswahili tu hawazioni kwenye ukurasa wa posti za wote, na kitufe cha tafsiri kinachanganyikiwa.

---

Istilahi_Kila_Siku:

Shukrani sana wakuu, na Mama_Jukwaa shikamoo. Tumeamua: kumi watangulie, seva tatu, CSV mimi naitengeneza. Mawili yamebaki. Wapo wanaosema twende Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii. Na posti zetu za miaka mitatu, ambamo mna maneno karibu 900 yaliyokubaliwa, tuzifanyeje?

---

Nahodha_Seva:

Bluesky inatumia utaratibu mwingine, AT Protocol, siyo ActivityPub ya Mastodon. Sifa yake nzuri ni kwamba akaunti inaweza kuhama pamoja na posti zake. Upungufu wake kwenu ni kwamba sehemu kubwa ya watumiaji bado wako kwenye mashine za kampuni yenyewe, na nyie mnakimbia hilo hasa. Mwanachama akitaka kukaa huko akae. Kuna daraja linaloitwa Bridgy Fed, akilifuata huko na nyie mkilifuata huku, mnasomana.

---

Pwani_Digitali:

Maneno 900 msiyapeleke Mastodon. Kikomo cha kawaida ni herufi 500 kwa posti, utafutaji unaonyesha posti za waliokubali tu kutafutwa, na hashtegi inakuonyesha zile posti ambazo seva yako imewahi kuzipokea, siyo zote zilizopo duniani. Ile si kabati.

Ombeni nakala ya data yenu kwenye mtandao wa sasa leo hii, maana huwa haitoki papo hapo, na ombeni kabla mtu yeyote hajafunga akaunti. Kila mwenye posti aombe yake. Kisha jedwali moja: neno la kigeni, pendekezo, fani, mfano wa sentensi, tarehe ya kukubaliwa. Safu tano. Liwekeni kwenye tovuti ya kawaida ya kurasa tuli, ambayo haihitaji hata hifadhidata.

Mastodon ibaki ya mjadala, kwa hashtegi moja. Kila neno ndani yake lianze kwa herufi kubwa, #IstilahiZaKiswahili, ili programu za kuwasomea wasioona zitenganishe maneno. Na kwa kuwa mtakuwa seva tatu, hakikisheni kila seva ina angalau mtu mmoja anayemfuata kila mwanachama. Faili la CSV likiingizwa na wote linamaliza hilo, ila wanaojiunga wiki ya pili mnawasahau. Toeni faili jipya kila Jumapili kwa mwezi wa kwanza.